Faili Zima

Kila asubuhi mama yangu aliulizia lile faili kama mtu anayemsubiri mgeni aliyepanda gari Mbale. Hakuuliza ni asilimia ngapi. Aliuliza, "Imefika wapi?" Namba hazikumwambia kitu, kwa hiyo nilizoea kumjibu kwa majina ya barabarani. Asilimia hamsini ilikuwa Namutumba. Sabini na mbili ilikuwa Iganga. Themanini na tatu, Magamaga. Mia moja ilikuwa hapa kwetu Kimaka, Jinja, kwenye meza ya sebuleni inapokaa kompyuta.

Ndani ya faili kulikuwa na kanda za kwaya. Baba yangu alikuwa sajini, na nimekulia kwenye kambi ya Mbale wakati ambapo wake za askari walikuwa na kwaya iliyojulikana hadi Tororo. Mama aliimba sauti ya pili. Mdogo wake, aliyekaa nasi kambini, aliimba sauti ya kwanza. Mama mdogo huyo alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Tulibaki na picha zake mbili, na katika zote mbili amefumba mdomo. Kama sauti yake ilikuwa imehifadhiwa mahali popote duniani, ilikuwa kwenye zile kanda.

Sikio la kulia la mama lilikuwa limeshazimika. La kushoto, daktari alisema, linaelekea huko huko. Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, na hawezi kusema zilizobaki zitakaa miezi mingapi. Mama hakuwa akisikia tena simu ikilia. Siku hiyo tulipotoka kwa daktari alisimama kwenye ngazi, akashika mkono wangu akasema, "Mimi nataka kumsikia mdogo wangu mara moja. Baadaye sikio lizibe tu."

Binti wa mwalimu wa kwaya, ambaye siku hizi anaishi Ulaya, ndiye aliyekuwa na kanda. Alizihamishia kwenye kompyuta, akazifunga zote pamoja kama kifurushi kimoja kikubwa. Kilikuwa kikubwa mno kutumwa kwa simu. Akatuelekeza kwenye mfumo ambao faili halikai katika ghala moja, bali kwenye kompyuta za watu wenyewe. Kila mmoja anachukua vipande kwa mwenzake, na hapo hapo anawagawia wengine vipande alivyokwisha kupata. Tulikuwa wanne: mimi Jinja, mmoja Lira, mmoja Tororo, na mzee wa Mbale tuliyemwita Afande wa Redio, kwa sababu jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano. Binti wa Ulaya alituonya kwamba anahama nyumba, na kompyuta yake itawaka siku chache tu. Baada ya hapo tungepeana sisi kwa sisi.

Mimi nahariri taarifa za habari za Kiswahili kwenye redio moja ya hapa Jinja, na napenda mambo yapangwe. Niliwaandikia wenzangu kanuni nne kwenye kundi letu la simu, fupi na safi. Siku ya tatu Afande wa Redio alijibu kwa neno moja: "Tayari." Yeye ndiye wa kwanza kupata kifurushi chote. Tulimpigia makofi kwa zile picha za mikono. Siku ya tano kompyuta ya Ulaya ilizimwa. Faili langu lilikuwa limefika asilimia sitini na moja, na hapo likasimama.

"Imefika wapi?"

"Imepita Namutumba, mama."

Kesho yake: "Imefika wapi?"

"Namutumba."

"Inakula nini huko Namutumba?"

Kifurushi kile hakikuweza kufunguliwa kikiwa na tundu. Asilimia sitini na moja ya kwaya ilikuwa sawa na kimya. Nilianza kutafuta kosa, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa yangu, nililitafuta kwangu.

Kwanza nilifikiri ni bando. Nikanunua kubwa zaidi. Faili halikusogea. Nikafikiri ni ruta iliyokuwa nyuma ya kabati, nikaihamishia dirishani. Halikusogea. Nikanunua waya mrefu, nikaunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta. Waya ukapita katikati ya sebule, na mama akawa anauruka kila anapokwenda jikoni, akinitazama. Picha za video kwenye kompyuta ile ile zilicheza vizuri, habari zilifunguka vizuri, barua pepe zilikwenda. Faili peke yake ndilo lililokuwa limesimama.

Jirani yetu ni Mkenya anayeuza vipuri vya malori. Alikuja kuazima ngazi akanikuta nimepiga magoti chini ya meza.

"Dada, hiyo shida haiko kwa kompyuta," alisema. "Hapa Kimaka, na hii chuo ya jeshi, makamanda wamejaa. Hata intaneti ikipita lazima isimame, ipige saluti, iulizwe inaenda wapi."

"Mbona yako haisimami?"

"Yangu ni ya Kenya. Iliingia na lori, karatasi zake ziko sawa." Alicheka, akachukua ngazi akaenda. Nikabaki chini ya meza nikijiuliza, kwa sekunde moja au mbili, kama kweli inawezekana.

Jumamosi niliibeba mashine hadi mjini, kwa fundi mwenye chumba kimoja kwenye yale maduka ya zamani ya Wahindi, ambayo mwaka wa kujengwa umechorwa juu ya mlango. Alifungua programu, akaenda kwenye mipangilio, akaguna.

"Bambi, pole madam. Wewe ni mtu wa kula tu?"

"Kula nini?"

"Hapa umeandika kutoa ni sifuri. Unachukua kwa wenzako, wewe hutoi. Nani atakupa?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeweka sifuri mwanzoni ili kulinda bando. Niliona aibu kama nimekamatwa nikificha nyama chini ya ugali. Fundi akairekebisha. Akaniambia pia kwamba ruta ya nyumbani ina milango mingi, na mlango wa programu hii huenda umefungwa. Akaniandikia kwenye karatasi namna ya kuufungua. Halafu akanionyesha ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, ukurasa wa wenzangu: kila kompyuta iliyopo hewani, na mbele yake asilimia yake.

Nyumbani nilifungua mlango wa ruta kama karatasi ilivyosema. Dakika hiyo hiyo mistari miwili ikaonekana, Lira na Tororo, na vipande vikaanza kwenda na kurudi. Faili likapanda: sitini na mbili, sitini na tano, sitini na sita. Nilimwita mama aje aone. Likafika sitini na saba likasimama. Nikatazama mistari ya wenzangu. Lira sitini na saba. Tororo sitini na saba.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa hasa. Mtu mmoja akikwama, kosa ni lake. Watu watatu katika miji mitatu wakikwama kwenye namba moja, kosa ni la nani? Nilikaa na swali hilo hadi nikaelewa nusu yake: tulikuwa tumegawana kila tulichokuwa nacho, na vipande vilivyobaki hatukuwa navyo hata mmoja wetu. Alikuwa navyo Afande peke yake. Lakini mstari wake haukuwepo.

Nikamwandikia kwa adabu. Mtu aliyekuona ukikimbia bila viatu kambini humuulizi kama anajua anachofanya.

"Shikamoo Afande. Faili lako liko salama?"

"Iko salama kabisa," akajibu. "Nimefanya kama uliandika."

"Kanuni zote nne?"

"Zote. Hata ya tatu."

Basi, kama amefuata kanuni, kompyuta yake inawaka. Na kama inawaka, kwa nini simuoni? Nikarudi chini ya meza.

Nilifungua daftari. Nilichora safu nne: saa, asilimia, kasi, na walio hewani. Kila nilipopita karibu na meza niliandika. Baada ya siku tisa daftari lilikuwa na jambo ambalo sikuweza kulieleza. Mchana kutwa faili lilikuwa jiwe. Lakini karibu kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lilisogea. Dakika ishirini, wakati mwingine ishirini na mbili, kisha likafa tena. Siku moja nililiwahi na chai mkononi. Mstari wa nne ulitokea kwenye ukurasa wa wenzangu, asilimia mia, umejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vipande vikamiminika kwetu sote watatu. Kabla ya saa moja mstari ukatoweka. Ulikuwa wa Afande, na kwa kuwa alisema amefuata kanuni, niliamini ni mtandao wa Mbale unaomkata.

Tena haikuwa kila siku. Jumapili halikusogea hata kidogo. Niliangalia Jumapili iliyotangulia: vivyo hivyo. Ni hitilafu gani ya mtambo inayojua Jumapili?

Nilimuuliza jirani. "Hiyo ni intaneti iliyookoka," alisema.

Kwa dakika ishirini kwa siku, zikigawanywa kwa watu watatu, faili lilipanda asilimia moja, siku nyingine nusu. Tulipita Iganga taratibu. Mama aliacha kuniuliza inakula nini. Siku hizo niligundua kwamba hata nikizungumza nikiwa upande wake wa kushoto, ananitazama mdomo. Nilirudia sentensi moja mara tatu siku moja, kisha nikasema, "Basi, si kitu," na yeye akasema, "Usiniambie si kitu. Sema tena."

Mara mbili aliniambia, "Si uende Mbale uichukue?" Na mara mbili nilimjibu kwamba mfumo huu umetengenezwa ili watu wasisafiri. Kila Ijumaa nilipanga kwenda kesho yake. Kila Jumamosi asubuhi faili lilisogea kidogo, nikajiambia kosa nimelikaribia. Lilipofika themanini na nne nilimwita mama kutoka mlangoni, nyuma yake, kumwambia tumepita Magamaga. Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Hakugeuka. Nilichukua mkoba, nikamgusa bega, nikamwambia usoni, "Naenda Mbale."

"Sasa umesema," alisema.

Afande wa Redio anakaa upande wa viwanda, nyuma ya kinu cha mahindi, na vumbi la unga limekaa juu ya kila kitu mpaka kwenye kope za watu. Alinipokea mlangoni, mrefu bado, shati limepigwa pasi.

"Karibu, mtoto ya sajini! Baba yako alikuwa anakimbia kama wewe hivi. Keti. Kunywa maji."

Nilikunywa maji. Nilimuuliza habari za watoto. Nikamwambia pole kwa mkewe, ambaye alikuwa katika kwaya ile ile na aliyefariki nikiwa masomoni. Kisha nikauliza kompyuta iko wapi.

"Iko hapa. Salama kabisa."

Ilikuwa kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Alikiinua kwa ncha mbili. Waya wake wa umeme ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, umewekwa juu ya kibodi.

"Afande," nikasema, "imezimwa?"

"Ndiyo. Siku ile ile."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama namtania. "Si ni wewe ulisema?"

Alivuta droo akatoa daftari la shule. Alikuwa amenakili kila ujumbe wangu kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akinakili ujumbe wa redio jeshini, nukta baada ya kila jambo. Akaweka kidole kwenye kanuni ya tatu. Kwenye simu mimi nilikuwa nimeandika: Ukishapata faili zima tuarifu. Katika daftari lake ilisomeka hivi:

UKISHAPATA FAILI. ZIMA. TUARIFU.

"Nikapata," alisema. "Nikazima. Nikaarifu. Kosa iko wapi?"

Nilisoma mstari ule mara mbili. Kwa kweli, hata mimi, niliyeuandika, sikuweza tena kuusoma kwa namna yangu.

"Afande, hiyo zima si ya kuzima. Ni zima ya... faili lote. Faili zima."

"Lote?"

"Yote. Faili yote."

"Sasa kwa nini hukuandika yote? Yote naelewa. Kila mtu hapa anaelewa yote."

"Kwa Kiswahili sanifu..."

"Ah! Kiswahili ya redio!" Alipiga goti lake. "Wewe mtoto, hii Kiswahili yako itaua watu. Kama ni vita, ungetuma hivi, tungezima redio yote ya kambi, adui anaingia anatupata tunakunywa chai. Na sisi tunasema, afande, tumezima kama uliandika!"

Alicheka mpaka akafuta macho. Jeshini, alinieleza, ndivyo ilivyokuwa: ukishapokea ujumbe unazima mtambo, halafu unaripoti kwa njia nyingine. Kanuni yangu ilimpendeza alipoiona. Aliwaza, huyu baba yake amemfundisha.

Akakinyoosha kile kitambaa juu ya goti.

"Lakini mimi pia iko na kosa yangu," alisema. "Kila asubuhi navunja amri. Naamka, natoa kitambaa, naweka waya, nasikia mama ya watoto anaimba. Wimbo tatu, ine. Halafu nazima haraka, kabla haijaharibu kitu kwenu."

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Umejuaje?"

"Na Jumapili?"

"Jumapili sifungui. Siwezi kuvunja amri halafu niende kanisani."

Nilitoa daftari langu nikaliweka kando ya lake. Alipitisha kidole kwenye safu zangu, saa kwa saa, siku kwa siku. Binti yake alikuwa ameipanga programu ijiwashe yenyewe kompyuta inapowaka. Kwa hiyo kila mzee alipomsikiliza mkewe, sisi watatu tulipokea. Hakujua. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeliita jambo hilo hitilafu.

Alichomeka waya. Nilinakili kifurushi kwenye flashi, nikaitia kwenye mkoba. "Sasa, Afande, usizime," nikasema.

"Iandike."

Nikachukua kalamu yake nikaandika chini ya kanuni ya tatu, kwa herufi kubwa: USIZIME. Akasoma, akataka niweke na sahihi.

Njiani nilimtumia mama ujumbe kila tulipopita, kwa kuwa simu hasikii: Namutumba. Iganga. Magamaga. Nilipoingia sebuleni alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miguu juu ya ule waya.

"Imefika kabla yako," alisema.

Ilikuwa kweli. Mia moja, Lira mia moja, Tororo mia moja. Nilibaki nimesimama na flashi mkononi, sijui niiweke wapi.

Tulitafuta wimbo ambao wao wawili waliuongoza. Niliweka spika karibu kabisa na sikio lake la kushoto. Kanda ilikoroma, kiti kikaburutwa, mtu akakohoa, na sauti mbili zikaanza, moja chini, moja juu sana, nyembamba na safi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni na ambayo niliijua kabla ya neno la pili. Nilimtazama mama.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ndiyo. Na yeye?"

Alisikiliza. Alisogeza spika, akaibana na sikio kwa viganja viwili. "Huyu ni mimi peke yangu," alisema. "Yeye hakuimba siku hiyo?"

Niliisikia ile sauti ya juu ikijaza chumba, nikamwona mama ameketi katikati yake, akisubiri. Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza. Miezi miwili chini ya meza, na ile ruta, na ule waya.

"Amechelewa?" mama aliuliza. Kisha akaniuliza tena, kwa sauti ndogo, "Au mimi?"

Kazini kwangu, mtu akihojiwa akazungumza mbio mbio, tunampunguza mwendo ili tumwandike. Ukishusha mwendo bila kurekebisha kitu kingine, sauti nayo inashuka. Mtoto anakuwa mtu mzima. Sijui kwa nini ilinichukua muda kukumbuka hilo. Nilifungua ile programu ya kazini, nikavuta alama ya mwendo nyuma kidogo. Mama akatikisa kichwa. Nikavuta tena. Kwaya ikawa nzito, maneno yakavutika, sauti ya mama mwenyewe ikawa kama ya dume. Na ile ya juu ikateremka, ikateremka, mpaka ikawa sauti ya mwanamke wa kawaida, mwenye umri, anayeimba bila haraka.

Mama alinyanyua kidole ili nisisogee.

Ubeti ulipita, kisha kiitikio. Mdomo wake ulianza kuimba bila kutoa sauti, sehemu yake ya chini, akiiachia nafasi ile nyingine.

"Ndiye," alisema. Kisha akacheka kidogo, machozi yakiwa yamefika kidevuni. "Amezeeka! Amezeeka kama mimi."

Niliuliza kama nijaribu kuisogeza mbele kidogo, isikike zaidi kama alivyokuwa.

"Iache hapo hapo," alisema, na akavuta kiti karibu na meza.